Saa Inapokaa Kimya: Utambuzi wa Kuanguka kwa Saa Janja na Mipaka Yake

Mtoto anayeishi Muscat, London au Toronto anaporudi nyumbani likizo, si ajabu siku hizi akamletea mzazi wake saa janja na kumweleza kwamba saa hiyo hujua mtu anapoanguka na huomba msaada yenyewe. Zawadi hiyo hupokewa kwa furaha, na furaha hiyo ina sababu. Mzee anayeishi peke yake, au anayeshinda nyumbani mchana kutwa bila mwenzake, ana hofu ambayo kwa kawaida haisemi: kwamba siku moja atadondoka chooni na hakuna atakayejua hadi jioni. Saa inaahidi kuiondoa hofu hiyo. Familia na wahudumu wa afya wanapaswa kuuliza ahadi hiyo hutimizwa kwa mianguko ya aina gani, na nini hutokea baada ya saa kulia.

Jibu fupi ni kwamba saa hizi hunasa sehemu ya mianguko mikubwa, hupitwa na mianguko mingi ya taratibu, na manufaa yake humtegemea zaidi mtu atakayepokea taarifa kuliko kompyuta iliyofungwa mkononi. Jibu refu linaanzia sakafuni.

Saa moja sakafuni

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kutokana na kuanguka, na kwamba zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Waliozidi umri wa miaka 60 ndio wanaokufa kwa wingi zaidi. Miongoni mwa wenye miaka 65 na kuendelea, kati ya asilimia 28 na 35 huanguka kila mwaka.

Madhara yanayojulikana na kila mtu ni kuvunjika kwa nyonga na kuvuja damu ndani ya kichwa. Lipo dhara la pili lisilotajwa sana, nalo ni muda ambao mtu hukaa sakafuni. Asiyeweza kuinuka hubaki amelalia upande mmoja. Misuli iliyogandamizwa na uzito wa mwili huanza kufa na kumwaga kwenye damu vitu vinavyoweza kuharibu figo. Ngozi ya nyonga na ya kisigino hukosa damu na kuanza kuwa kidonda. Mwili hupungukiwa maji, na katika maeneo ya baridi kama Njombe au Limuru hupoteza joto pia. Utafiti uliochapishwa nchini Uingereza mwaka 1981 ulionyesha kwamba nusu ya wazee waliolala sakafuni kwa zaidi ya saa moja walikuwa wamefariki katika kipindi cha miezi sita, wakiwamo wale ambao mwanguko wenyewe haukuwajeruhi. Bila shaka sehemu ya vifo hivyo ilitokana na udhaifu uliokuwapo kabla, kwa maana anayeshindwa kuinuka kwa saa nzima hakuwa na nguvu tangu mwanzo. Hata hivyo, saa hiyo moja imebaki kuwa kipimo ambacho madaktari wa wazee hukitazama kwa makini.

Utafiti mwingine wa Uingereza, uliofanyika Cambridge na kuchapishwa mwaka 2008, uliwafuatilia kwa mwaka mzima watu waliopita umri wa miaka 90. Kati yao 66 walianguka. Kati ya hao 66, watu 53 walishindwa kuinuka wenyewe walau mara moja, na 20 walilala sakafuni saa moja au zaidi. Jambo la kushangaza ni kwamba vifaa vya kuitia msaada, vile vya kubonyeza kitufe, vilikuwa vimeenea miongoni mwao, na bado katika matukio mengi ya kulala sakafuni muda mrefu havikutumiwa. Huyu hakuwa amekivaa, yule alichanganyikiwa, mwingine hakutaka kuwasumbua watu.

Hapo ndipo mahali hasa pa saa janja. Kitufe humsubiri mtu akibonyeze, saa haimsubiri. Kama ingefanya kazi hiyo bila kosa, ingekuwa imeziba pengo ambalo vitufe vilishindwa kuliziba kwa miongo kadhaa.

Namna saa inavyoamua

Ndani ya saa mna chombo kidogo kiitwacho akselerometa, kinachopima mabadiliko ya mwendo katika pande tatu. Mkono ukiwa umetulia juu ya meza, chombo hicho huhisi nguvu ya uvutano wa dunia peke yake, kiasi kinachoitwa g moja. Mwili unapokuwa hewani ukishuka, kipimo huteremka kuelekea sifuri. Unapogonga sakafu, hupanda ghafla mara kadhaa. Kisha, ikiwa mtu ameumia vibaya au amezimia, hufuata utulivu. Chombo cha pili, jairoskopu, hupima jinsi kifundo cha mkono kinavyozunguka. Programu ya saa huzisoma habari hizo zote kwa mfululizo na kuamua kama zinafanana na mwanguko.

Apple ilipotangaza saa yake ya Watch Series 4 mnamo Septemba 2018, ndiyo ya kwanza ya kampuni hiyo kuwa na uwezo huu, ilieleza kwamba akselerometa yake inaweza kupima hadi g 32, na kwamba wahandisi walichunguza mienendo ya mikono inayojirudia. Anayejikwaa hupinduka kwenda mbele na mikono yake hutangulia ili kumkinga. Anayeteleza, mikono yake hupaa juu. Samsung na Google nazo zikaleta saa zenye uwezo kama huo katika miaka iliyofuata. Kifundo cha mkono, hata hivyo, ni mahali pagumu pa kufanyia kazi hii. Kiuno huenda uendako mwili. Mkono huwa na safari zake. Unaweza kupiga meza wakati mwili umekaa, na unaweza kushikilia kitasa cha mlango wakati mwili unateremka.

Saa ikishuku kwamba mtu ameanguka, haipigi simu papo hapo. Katika saa za Apple, hugonga kifundo cha mkono, hutoa mlio na kuonyesha ujumbe wa kumwuliza mvaaji kama anahitaji msaada. Asipojongea kwa muda wa dakika moja hivi, huanza kuhesabu sekunde 30, na zikiisha hupiga namba ya dharura ya nchi aliyomo. Simu hiyo ikimalizika, hutuma ujumbe unaoonyesha mahali alipo kwa watu waliosajiliwa kuwa wa kuarifiwa wakati wa dharura.

Sharti la kutojongea ndilo linalopaswa kueleweka vizuri kuliko yote. Saa ikiona kwamba mvaaji anajongea, humngoja ajibu mwenyewe na haipigi simu. Maana yake ni kwamba bibi aliyevunjika nyonga, mwenye fahamu zake, anayegaagaa kwa maumivu na kujaribu kujivuta kuelekea mlangoni, anaweza kuonwa na saa kuwa mtu anayejiweza. Ni lazima abonyeze mwenyewe. Anayepigiwa simu bila kubonyeza chochote ni yule aliyelala kimya kabisa. Familia nyingi hudhani kinyume chake, kwamba saa ikishatambua mwanguko msaada tayari uko njiani.

Sakafu ya majaribio na sakafu ya nyumbani

Ili programu ijifunze kutambua mwanguko, huhitaji mifano ya mianguko. Mifano hiyo hutoka wapi? Hakuna kamati ya maadili ya utafiti itakayoruhusu wazee wa miaka 80 waangushwe kwa ajili ya majaribio. Kwa hiyo watafiti wengi wametumia vijana wenye afya wanaojiangusha kwa makusudi juu ya magodoro.

Mfano unaojulikana sana ni mkusanyiko wa takwimu uitwao SisFall, uliotayarishwa na Chuo Kikuu cha Antioquia nchini Kolombia na kuchapishwa mwaka 2017. Washiriki walikuwa 38: vijana 23 wa kati ya miaka 19 na 30, na wazee 15. Vijana walijiangusha kwa namna mbalimbali. Wazee walifanya shughuli za kawaida tu, kama kutembea, kukaa na kuinuka, isipokuwa mmoja wao mwenye miaka 60 ambaye alikubali kuanguka pia. Huyo alikuwa bingwa wa judo. Watafiti hawakuficha jambo hilo na hawana lawama, ila msomaji anapaswa kujiuliza mwanguko wa mwanajudo unafanana kiasi gani na ule wa bibi mwenye ugonjwa wa Parkinson.

Tofauti hiyo ilipimwa. Mwaka 2012 watafiti wa Ulaya walichukua algoriti 13, yaani kanuni za kompyuta za kutambua mianguko, zilizokuwa zimechapishwa na kusifiwa, wakazijaribu kwa kumbukumbu za mianguko 29 ya kweli, iliyowapata watu wakiwa katika maisha yao ya kila siku. Kwa wastani algoriti hizo zilinasa asilimia 57 ya mianguko hiyo. Iliyofanya vizuri kuliko zote ilinasa asilimia 82.8. Matokeo hayo yalikuwa chini sana ya yale yaliyokuwa yamepatikana kwenye magodoro. Zaidi ya hayo, zilipotumiwa kuchunguza siku moja ya kawaida ya watu watatu, zilitoa kengele za uongo kati ya 3 na 85, kutegemea algoriti. Vifaa hivyo havikuwa saa za dukani za leo, na teknolojia imesonga mbele tangu hapo. Kuzichukua namba hizo na kuzibandika kwenye saa mpya kungekuwa kosa. Kinachobaki ni tahadhari kwamba matokeo ya majaribio hushuka yanapokutana na watu halisi. Mnunuzi wa saa hana namna ya kujua yameshuka kiasi gani, kwa kuwa maelekezo anayopewa hayataji asilimia yoyote. Apple inaandika waziwazi kwamba saa yake haiwezi kutambua mianguko yote, na kwamba kadiri mtu anavyojishughulisha kimwili ndivyo anavyoweza kuiamsha saa bila kuanguka. Ni sentensi ya kweli ambayo wachache huisoma.

Mianguko inayopita bila sauti

Wazee huangukaje hasa? Kwa muda mrefu jambo hili lilitegemea kumbukumbu za walioanguka, ambazo si za kutegemewa, kwani wengi hawakumbuki au huona haya. Watafiti wa Kanada, katika jimbo la British Columbia, waliweka kamera katika maeneo ya pamoja ya nyumba za kulelea wazee, na mwaka 2013 wakachapisha uchambuzi wa mianguko 227 ya watu 130. Sababu iliyoongoza, kwa asilimia 41, ilikuwa kuhamisha uzito wa mwili vibaya: mtu anageuka, anainama, anaachia kiti kabla miguu haijawa tayari, naye huelemewa polepole. Kujikwaa kulikuwa asilimia 21. Kuteleza, ambako watu wengi hukufikiria kwanza linapotajwa neno kuanguka, kulikuwa asilimia 3 tu. Mianguko mingi ilitokea wakati wa kutembea kwenda mbele, wakati wa kusimama tu mahali pamoja, na wakati wa kuketi.

Matokeo hayo yakiwekwa kando ya maelezo ya namna saa inavyofanya kazi, tatizo hujitokeza lenyewe. Mwanguko wa kuelemewa mara nyingi hauna mkono unaopaa wala mshindo mkubwa. Mzee aliyetaka kuketi akakosa kiti hushuka taratibu na kuketi chini. Mwenye kiharusi cha zamani huteleza kutoka kitandani shuka likiwa limemzunguka. Mwenye shinikizo la damu linaloshuka anaposimama huhisi giza, huegemea ukuta na kuteremka nao hadi sakafuni. Anayetumia fremu ya kutembelea huenda akaishikilia kwa mkono ule ule wenye saa hadi mwisho. Hakuna hata mmoja wao aliyegonga sakafu kwa kishindo, na kila mmoja wao anaweza kulala hapo hadi asubuhi. Kwa maneno mengine, saa humwona vizuri zaidi mtu mwenye nguvu anayeanguka kwa kishindo, ambaye pengine angeweza kuinuka mwenyewe, kuliko mdhaifu ambaye kwa ajili yake ilinunuliwa.

Haifai kulichukua hili kuwa hukumu ya kuikataa saa. Mianguko mikubwa yenye kuzimia ipo, nayo ndiyo inayoua haraka, na wapo watu waliofikiwa na msaada kwa sababu saa iliita wakati wao hawakuweza. Lakini daktari anayemshauri mgonjwa kuivaa anapaswa kujua ni mwanguko upi anaomkinga nao.

Kengele zisizo na moto

Upande wa pili wa kosa ni saa kulia wakati hakuna aliyeanguka. Kutwanga kwenye kinu, kupasua kuni, kupiga makofi kwa nguvu kanisani, kugonga nguo juu ya jiwe la kufulia: zote ni shughuli za mkono zenye mishindo mikali. Hesabu ndogo itaonyesha uzito wa jambo hili. Chukulia mtu ambaye mkono wake hupata mishindo 100 mikali kwa siku, yaani 36,500 kwa mwaka, na saa nzuri kiasi kwamba hukosea mara 1 tu katika kila 1,000. Kwa mwaka italia bure mara 36 au 37. Ikiwa mtu huyo huanguka mara 2 kwa mwaka, na saa ikanasa mara zote mbili, basi katika kengele 38 hivi ni 2 tu zilizo za kweli. Namba hizi ni za mfano, lakini kanuni yake ni ile ile inayojulikana na kila aliyewahi kupima ugonjwa adimu kwa kipimo kizuri: jambo likiwa nadra, majibu mengi ya ndiyo huwa ya uongo.

Gharama ya kengele za uongo hulipwa na watu wawili. Wa kwanza ni mvaaji, ambaye baada ya kushtuliwa mara kadhaa mbele ya wageni huizima huduma hiyo na hamwambii mtu. Wa pili ni mpokea simu za dharura. Katika majira ya baridi ya 2022 hadi 2023, vituo vya dharura vya wilaya za milimani huko Colorado, Marekani, vilielemewa na simu zilizopigwa na vifaa vyenyewe kutoka kwa watu waliokuwa wakicheza kwenye theluji bila kudhurika; huduma iliyohusika zaidi ilikuwa ile ya kutambua ajali za magari, ndugu wa karibu wa utambuzi wa kuanguka. Kila simu ilibidi ifuatiliwe.

Nani anapokea?

Tuseme mwanguko ni mkubwa na saa imeutambua. Bado kuna mlolongo mrefu kati ya kifundo cha mkono na mtu atakayemwinua mzee, na kila kiungo cha mlolongo huo kinaweza kukatika.

Kwanza saa iwe mkononi. Apple hutaja saa 18 za matumizi kwa chaji moja katika saa zake nyingi, kwa hiyo wengi huivua usiku na kuichaji. Usiku ndio wakati mzee aliyemeza dawa ya kuongeza mkojo anapoamka gizani mara mbili au tatu kwenda chooni. Ni afadhali sana ichajiwe jioni wakati familia imekaa pamoja, au asubuhi wakati wa chai, ili usiku iwe mkononi. Bafuni ni hivyo hivyo. Saa hizi zimetengenezwa kuvumilia maji, lakini watu huzivua kwa kuogopa kuziharibu. Na Mwislamu huivua wakati wa kutawadha ili maji yaifikie ngozi, kisha huisahau juu ya sinki. Ukumbusho wa upole kutoka kwa mjukuu husaidia zaidi ya maelekezo ya kiwandani.

Kisha huduma yenyewe iwe imewashwa. Katika saa za Apple hujiwasha ikiwa umri ulioandikwa wakati wa kuiandaa saa ni miaka 55 au zaidi. Mtoto aliyeiandaa saa kwa taarifa zake mwenyewe, akiwa na miaka 34, anaweza kumkabidhi mama yake saa ambayo haikuwahi kuwashwa kwa kazi hiyo. Hili ni la kuangaliwa siku ile ile ya kukabidhiana zawadi.

Baadaye mtandao. Saa nyingi hutegemea simu iliyo karibu. Simu ikiachwa sebuleni na mzee akaanguka shambani nyuma ya nyumba, saa isiyo na laini yake yenyewe inaweza kukosa njia ya kuita.

Na hatimaye mpokeaji. Nchini Marekani au Norway, simu ya dharura inayopigwa na saa huingia katika mfumo wa magari ya wagonjwa uliokwisha kuwapo kabla ya saa hizo. Katika miji na vijiji vingi vya Afrika Mashariki, mgonjwa hufikishwa hospitali na teksi, bodaboda au gari la jirani. Nchini Tanzania namba 112 humfikisha mpigaji kwa polisi, na 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Sauti ya mashine inayozungumza bila mtu kujibu si rahisi kushughulikiwa. Kwa sababu hiyo, sehemu yenye thamani kubwa zaidi hapa ni ule ujumbe unaotumwa kwa watu waliosajiliwa. Na hapo ndipo kosa la kawaida hufanyika: anayesajiliwa ni mtoto aliyenunua saa, aliye umbali wa kilomita elfu kadhaa, pengine amelala. Anayefaa kusajiliwa kwanza ni jirani anayeweza kufika kwa miguu chini ya dakika kumi. Jirani huyo aambiwe kwamba amesajiliwa, aonyeshwe ujumbe wenyewe unavyokuwa, na awe na namna ya kuingia. Mlango uliofungwa kwa komeo kutoka ndani unaweza kuwachelewesha waokoaji. Ufunguo wa akiba kwa jirani na kufuli linalofunguka pande zote mbili ni sehemu ya kifaa hiki, ingawa haviji ndani ya boksi.

Ndani ya chumba cha daktari

Kwa mhudumu wa afya, hatari kubwa ya saa janja ni kuamini ukimya wake. Mgonjwa anaposema kwamba hajaanguka kwa sababu saa haijalia, swali linapaswa kuulizwa upya kwa maneno mengine. Neno kuanguka lina aibu ndani yake, na wazee wengi hulikwepa. Muuguzi anayeanza kwa shikamoo na kuuliza, “Bibi, tangu tulipoonana mara ya mwisho, umewahi kujikuta umekaa au umelala chini bila kukusudia?” hupata majibu ambayo “Umeanguka?” haliyapati. Inafaa kuuliza pia kama saa iliwahi kulia naye akaizima. Kengele iliyozimwa kwa kuona haya ni habari muhimu kuliko anavyodhani mgonjwa. Katika simu za Apple, mianguko iliyotambuliwa huhifadhiwa kwenye programu ya afya isipokuwa mvaaji amejibu kwamba hakuanguka, na mgonjwa akiridhia inaweza kutazamwa hapo hapo. Orodha hiyo isomwe kama kiwango cha chini; mianguko ya kweli haipungui hapo, na huenda ni mingi zaidi.

Mwanguko uliotambuliwa unabaki na chanzo chake, ambacho saa haikitaji. Shinikizo la damu lipimwe mgonjwa akiwa amelala, kisha dakika 1 na dakika 3 baada ya kusimama. Kushuka kwa 20 au zaidi katika namba ya juu, au 10 katika namba ya chini, ni jambo la kushughulikiwa. Dawa zote ziletwe kwenye mfuko na kupitiwa moja moja, hasa za usingizi, za shinikizo la damu na za kuongeza mkojo. Macho yapimwe, miguu itazamwe, na mgonjwa aombwe kuinuka kwenye kiti bila kutumia mikono. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda na aliyegonga kichwa anahitaji kuchunguzwa upesi hata kama anajisikia vizuri, saa ilie au isilie.

Pia mgonjwa aelezwe kwamba saa haipunguzi idadi ya mianguko. Mazoezi ya nguvu na ya kujimudu miguuni huipunguza: mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2019 yalionyesha kuwa mazoezi hushusha kiwango cha kuanguka kwa wazee wanaoishi majumbani kwa asilimia 23. Familia yenye fedha za kutosha kwa kitu kimoja tu ingefanya vyema kuanza na taa ya njia ya chooni, vishikio vya ukutani na mtu wa kumwongoza mzee katika mazoezi mara mbili tatu kwa wiki, ndipo ifikirie saa.

Kwa wale ambao tayari wanayo, dakika kumi za mafunzo ndani ya kliniki zina faida. Mgonjwa afundishwe kujigeuza upande, kujiinua kwa kiwiko, kutambaa hadi kwenye kiti kizito na kuinuka kwa kutanguliza mguu mmoja. Asiyeweza kuinuka afundishwe kuvuta kanga au shuka lililo karibu na kujifunika, kubadili upande anaoulalia, na kugonga kitu chenye sauti. Na kwa kuwa saa haimpigii simu mtu anayejongea, aonyeshwe kitufe cha kuomba msaada na akitafute mwenyewe kwa mkono usiovaa saa, mara kadhaa, bila miwani. Maandishi ya kwenye kioo mara nyingi huwa ya Kiingereza. Asiyekisoma akariri mahali kitufe kilipo, na yule jirani mwenye ufunguo awepo siku hiyo akitazama.